Wiki ya Majaribio

Walinipa fomu mia mbili na kalamu tatu
nikauulize mji unataka nini masikioni.
Muthiani, mshauri, alikwisha chora picha yake:
mstari mwekundu ukiteremka
kama watu wa Likoni wakishuka kuwahi feri.
"Salamu zimepitwa," alisema,
"na vifo havina mdhamini."
Alisema kwa upole. Na mishahara yetu,
tusidanganyane, ilikuwa na miezi miwili haijapanda ngazi.

Basi nikazunguka.

Majengo, Nyevu wa mahamri hakuishika fomu:
"Mimi saa sina. Mkianza 'tunasikitika'
najua unga umeumuka. Nakata, natia mafutani.
Mkinipigia ngoma mfululizo, nitajuaje?"
Nikatafuta kisanduku cha kutia alama.
Hakikuwapo.

Changamwe, bawabu wa ghala la saruji
alitoa kadi za salamu zilizofungwa kwa raba.
"Mke wangu hunitumia kila Jumatano, toka Kaloleni.
Simu anayo. Lakini ya simu
nasikia peke yangu."

Tudor, vijana watano kwa kinyozi
walinicheka bila ubaya: "Redio, dada? Ile ya gari la baba?"
Mmoja akasema angesikiliza
lau tungepunguza kusema.
Nikaliandika. Lilikuwa kweli.
Hata Mwanaidi wangu, tukikaa kula,
hutia vidude masikioni
asiisikie sauti ya mamake mara mbili kwa siku.

Hesabu ikatoka kama Muthiani alivyopenda.
Tujaribu wiki moja, wakasema:
muziki, vichekesho, zawadi, muziki.
Mimi nikahamishiwa meza ya mapokezi
kupokea simu za wanaotaka kofia.
Zililia. Sitasema hazikulia.

Siku ya nne akapanda mtu mmoja,
ovaroli la bandarini, risiti ya mia tano mkononi.
"Mlilisoma saa ngapi? Nilikaa na redio
tangu alasiri, mpaka betri zikalegea."
Nikafungua faili. Lilikuwapo:
Bi Mwanasha binti Kombo, wa Mwandoni,
maziko kesho saa nne,
muhuri wa LIMELIPWA umemfunika jina nusu,
chini ya orodha ya washindi.

Hakufoka. Angefoka ningepata pa kushika.
"Tulikuwa kumi na wanane," alisema.
"Mama hakuwa mzito.
Ila njia ya makaburini ni ndefu
na wa kupokezana hawakuwapo."
Akaomba maji. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili,
kisha akauliza, akiangalia sakafu,
kama ile mia tano inarudishwa.

Usiku nikajaza ripoti.
Wanaotaka mabadiliko: sitini na mmoja katika mia.
Sikupunguza hata mmoja. Kituo kikifungwa
hakuna atakayemsomea mtu kitu.
Pendekezo: badilisheni.

Nikakaa. Kipozahewa kikadondosha tone ndooni,
kikangoja, kikadondosha jingine.
Nikaongeza kwa mkono wangu:
ila saa kumi na moja na nusu, kila jioni,
kabla unga haujaumuka ukapita kiasi,
mniachie dakika kumi,
pasi mdhamini, pasi ngoma chini ya sauti.

Ripoti ikarudi Jumatatu.
Muthiani hakuikata ile sentensi. Aliizungushia penseli
akaandika pembeni: Kwa nini kumi?

Swali la haki. Nimelibeba hadi nyumbani,
nimelilaza, nimeamka nalo.
Si hesabu, bwana. Ni majina matano,
pole pole,
kila moja mara mbili.